Hewa ya Mdogo Wangu, Damu Yangu

Mdogo wangu anaishi ghorofa ya chini huko Saint-Josse, Brussels, mahali barabara inapopanda na mabasi husimama mbele ya dirisha lake yakingoja taa. Siku moja nilikaa kwenye kiti chake saa nzima nikiandika kila gari lililosimama pale huku injini ikiwaka. Ukurasa ulijaa kabla saa haijaisha, nikaendelea pembeni mwa karatasi, na mwishowe niliacha kwa sababu nilikuwa na alama nyingi na sikujua zitamsaidia nini.

Kinga ya mwili wake inamshambulia mwenyewe. Ilianza na vidole vya mikono, asubuhi vikiwa vigumu kiasi kwamba hawezi kufungua chupa ya maziwa. Ikafuata ngozi ya uso, halafu viungo vyote, halafu figo. Anameza dawa za kuipumbaza kinga hiyo, nazo zimemvimbisha mashavu hadi watu wa kanisani humsifu kwamba amenenepa. Daktari wa figo ni mtu wa maneno machache. Nilimuuliza kama hewa ya barabara ile inaweza kuwa imechangia. Alisema inawezekana. Nikamwomba aandike kwenye karatasi kwamba inawezekana. Alisema neno hilo haliandikwi.

Ombi la mdogo wangu la nyumba nyingine lilikuwa limekaa miaka mingi kwenye ofisi ya nyumba za umma. Mama mmoja wa dirishani, mpole, alitufungulia faili akatuonyesha karatasi moja baada ya nyingine: vyeti vya hospitali, barua ya mchungaji, barua yangu ya kurasa nne. Alisema kila mtu ana vyeti na kila mtu ana barua. Faili letu lilikosa kitu kilichopimwa. Kamati ya kugawa nyumba ingekaa mwezi wa sita, na baada ya hapo hakujua ingekaa tena lini. Tulipotoka nje mdogo wangu alikuwa analia, mimi nilikuwa narudia maneno yale mawili: kitu kilichopimwa.

Ni lazima nieleze jinsi ninavyojua ninayoyajua, kwa sababu kosa langu lilitoka humo. Shule yangu ilikatika Bukavu, sekondari, kwa vita. Hapa Ubelgiji nilifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Forest, mwisho wa mstari, nikikagua kazi ya wengine na kutia alama kwenye fomu, hadi kiwanda kilipofungwa. Mambo mengine yote nimejifunza mwenyewe kwenye maktaba ya komuni, manispaa yetu. Nina daftari. Kila swali lina ukurasa wake, na sifungui ukurasa mpya mpaka niweze kumweleza lile swali mtu asiyelijua. Mdogo wangu alipougua nilianza na swali la damu ni nini, nikaja kwenye seli nyeupe, nikaja kwenye jeni. Kitabu changu cha jeni nilikipata kwenye sanduku la vitabu vilivyokuwa vinatolewa bure. Kilikuwa cha zamani, kizuri, kimejaa michoro ya mbaazi na macho ya bluu na magonjwa yanayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Nilikisoma mara tatu. Nilipokimaliza niliamini kwamba jeni ni urithi, na kwamba hakuna zaidi ya hapo.

Tangazo nililiona kwenye ubao wa maktaba hiyohiyo. Maabara moja ilitafuta wanawake wa Brussels wa kubeba kisanduku cha kupima hewa kwa siku saba na kisha kutoa damu. Walitaka kujua jinsi uchafu wa hewa unavyogusa utendaji wa jeni katika seli za kinga za wanawake. Nilisoma neno "jeni", nikasoma neno "kinga", nikasoma neno "wanawake", nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Chini kabisa waliandika kwamba kila mshiriki angepewa karatasi yenye vipimo vya hewa yake, na mahali alipokuwa.

Mdogo wangu hawakumtaka. Mshiriki alipaswa kuwa mzima, asiye na ugonjwa wa kinga, asiyetumia dawa kama zake. Mimi niko mzima. Nilikwenda.

Mtafiti aliyenipokea alikuwa mwanamke wa umri ambao ningeweza kumzaa, Mflamandi, mzungumzaji wa Kiholanzi, akisema Kifaransa polepole kama mimi. Aliniita madame kila sentensi. Nilimuuliza maswali yote niliyokuwa nimeyapanga, naye aliweka kalamu chini akajibu moja moja. Nilimpenda kwa hilo. Alinionyesha kisanduku: uzito wa simu mbili, kamba ya kuvaa begani, na mrija mwembamba unaofika karibu na kola ili uvute hewa ileile inayoingia puani. Ndani kulikuwa na kichujio cheupe, duara ndogo. Usiku nikiweke karibu na mto. Kila saa niandike nilikuwa wapi, nilipika nini, niliwasha mshumaa au la. Nilitia saini mahali pote alipoonyesha.

Sasa, mimi naishi mtaa wa Forest, ghorofa ya nne, dirisha langu linatazama miti ya nyuma ya nyumba. Hewa yangu haina kesi ya kupeleka kwa kamati. Nilifikiria kuhamia kwa mdogo wangu siku saba, lakini wiki ileile nilikuwa na mafunzo ya lazima kwa watu tuliopoteza kazi, asubuhi hadi jioni, nje ya mji. Ningekuwa kwake usiku tu, na mchana ndio mbaya. Sikuhangaika sana kupata jibu. Kisanduku angekivaa yeye.

Sikujiona kama ninadanganya, na hilo napenda lieleweke, si kwa kujitetea. Kabla ya kuja huku tulikaa kambini miaka miwili. Kule aliyekuwa na nguvu ndiye aliyesimama kwenye foleni, na kadi ya mwenzake mkononi. Nilipokea unga kwa kadi ya mdogo wangu, nilipimwa uzito kwa kadi yake siku aliyokuwa na homa, nilichanjwa mara mbili siku moja, ya kwangu na ya kwake, kwa sababu kadi isiyogongwa siku ile isingegongwa tena. Hakuna aliyeuita uongo. Chungu kilikuwa kimoja. Na hapa Brussels nimeketi mara nyingi kwenye vyumba vya kungojea na namba yake mkononi. Hii niliiona kuwa foleni nyingine tu.

Zaidi ya hapo nilikuwa na hoja ya kitaalamu, na hiyo ndiyo inayonichoma. Baba yetu ni mmoja, mama yetu ni mmoja. Kama walitaka jeni za kuweka pamoja na hewa ya Saint-Josse, zangu zingefaa kabisa, tena zilikuwa kwenye mwili mzima kama walivyotaka. Niliandika kwenye daftari: "Hewa: yake. Damu: yangu. Jeni: zetu." Niliutazama mstari huo nikauona mzuri.

Siku nilipompelekea kisanduku, jirani yake wa juu alikuwa ameshuka kumletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Ni mama wa Lubumbashi, mnene, mwenye sauti ya kuita soko zima, na anatucheka sisi watu wa Kivu tangu siku ya kwanza. Kisanduku kilianza kuvuma. Alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Maman, ukiingia na ile kintu mu métro, ba police batakulalisha chini," alimwambia mdogo wangu. "Na miye nitasema sikujue."

"Usicheke, maman," mdogo wangu alisema, akirekebisha kamba begani. "Hii njo avocat wangu."

Alikivaa kwa heshima, kama wakili kweli. Kila jioni nilimpigia simu nikitoka mafunzoni, naye alinisomea siku yake saa kwa saa, na mimi nikaandika kwa mwandiko wangu kwenye fomu. Saa mbili amefungua dirisha kwa sababu chumba kilinuka sombe. Saa tatu kichwa. Saa nne amelala. Hakupika kwa mafuta wiki nzima ili mtu asije akasema ni moshi wa jikoni. Hakuwasha mshumaa wa maombi. Jumapili hakwenda kanisani kwa sababu kanisa liko kando ya bustani, hewa ya kule ni safi, na hakutaka kuharibu kipimo. Alikaa dirishani. Hilo nililijua jioni tu, aliponisomea: saa tatu dirishani, saa nne dirishani, saa tano dirishani. Nilimwambia kwamba hatakiwi kuitafuta hewa mbaya, aishi kama kawaida. Alisema kawaida yake ni hiyo.

Siku ya saba nilikwenda kukichukua. Tulifungua kifuniko kidogo, jambo ambalo hatukuruhusiwa, na tukatazama kichujio. Kilikuwa cheupe wiki iliyopita. Sasa kilikuwa na rangi ya jivu, katikati nzito zaidi. Mdogo wangu aliinama akakitazama karibu.

"Hii iko ndani yangu," alisema.

Nilimwambia si yote, pua inachuja, kohozi linatoa. Alisema, "Yaya, nyamaza kidogo." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Kesho yake asubuhi nilipeleka kisanduku maabara na kutoa mkono. Mtafiti alichoma sindano vizuri, sikuhisi. Damu ilipojaa kwenye mrija wa kwanza aliupindua mara kadhaa taratibu, na nikaona ndani kulikuwa na maji fulani tayari. Nikauliza ni ya nini. Alifurahi kuulizwa.

Alisema maji yale yanazisimamisha seli palepale. Bila hayo zingeendelea kufanya kazi ndani ya mrija, na baada ya saa chache zingekuwa zinaonyesha maisha ya mrijani na si ya mtu. Jeni zenyewe, alisema, ni zilezile tangu kuzaliwa, na hazimhusu sana katika kazi hii. Anachotafuta ni zipi zinafanya kazi leo na zipi zimenyamaza. Seli nyeupe inapita kwenye mapafu, inakutana na kile mtu alichovuta jana na juzi, inabadilisha kazi yake: jeni hii inaongezwa, ile inapunguzwa. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akikaa kando ya barabara kuu na mwingine kando ya msitu, wanaweza kutofautiana katika hili.

Alitumia mfano huo kwa bahati mbaya tu. Hakujua chochote. Alibadilisha mrija, akaweka wa pili.

Nilitazama damu yangu ikiingia. Ilikuwa damu ya ghorofa ya nne, ya miti, ya madarasa nje ya mji. Nilitakiwa kusema wakati ule. Sindano ilikuwa bado mkononi, yeye alikuwa ameinama karibu yangu, hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Sikusema. Nilifikiria karatasi. Alinibandika pamba na plasta, akaniambia madame, umefanya jambo zuri. Akasema sampuli zote zinakaa kwenye barafu hadi Jumatatu ya pili, kisha zinapelekwa kupimwa kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hivi karatasi ya hewa ingenifikia. Miezi miwili ilitufikisha mwezi wa sita, wiki moja kabla ya kamati.

Nilipanda tramu nikapitiliza kituo changu.

Nyumbani nilifungua daftari nikauangalia ule mstari mzuri. Nilichora mstari mwekundu juu yake, kama nilivyokuwa nafanya kwenye fomu za kiwandani. Kisha nikafanya kitu ambacho afadhali nisingekifanya: niliufuata uongo wangu mpaka mwisho wake. Kwenye kompyuta yao kungekuwa na mwanamke mmoja ambaye kwa siku saba alivuta hewa iliyofanya kichujio kuwa jivu. Na wangepima seli zake wakakuta zimetulia, zinafanya kazi kama za mtu wa bustanini. Wangeandika hivyo. Nilikuwa nimeuliza idadi ya washiriki siku ya kwanza. Hatukuwa wengi, kila mmoja alikuwa na uzito. Kwa hiyo nilikuwa nimemtuma shahidi. Shahidi huyo angesimama mbele ya watu wenye elimu na kusema kwa damu yangu kwamba hewa ya dirisha la mdogo wangu haimfanyi mtu kitu.

Nilijaribu kupunguza. Niliandika: labda mimi ni mmoja tu. Niliandika: labda wanawake wengine nao wamekosea. Niliandika: labda hewa kweli haifanyi kitu, na sijui. Hili la mwisho lilikuwa kweli kuliko yote, sikujua, na hata wao hawakujua, ndiyo maana walikuwa wanapima. Na mimi nilikuwa nimewaharibia kipimo ambacho mdogo wangu anakihitaji kuliko mtu yeyote katika mji huu.

Siku ya tatu nilikwenda kwake nikamweleza. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyofanya kwenye daftari, seli, jeni, mrija, maji ya kuzisimamisha. Alisikiliza akisugua vidole. Nilipofika kwenye shahidi alikuwa ameshaelewa.

"Unataka kuenda kubaambia," alisema.

Nilisema ni lazima kabla ya Jumatatu.

"Na karatasi?"

Nilisema sijui. Nilisema nitaiomba.

Hakupandisha sauti. Mdogo wangu akikasirika anakuwa na adabu zaidi. Aliniuliza Jumatatu ina nini. Nilisema wakishapima, namba zinaingia kwenye hesabu. Akauliza kama hesabu haiwezi kurudiwa. Nilisema pengine inaweza, pengine haiwezi, fedha za kupima ni za mara moja.

"Alors ngoja," alisema. "Karatasi ikuye kwanza. Tuipeleke kwa kamati. Kisha uende, ulie mbele yabo vile unapenda. Ukweli haitaoza juu ya mwezi mbili."

Ilikuwa hoja nzuri. Nimeirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile na bado ni nzuri. Nilimjibu kwamba karatasi hiyo ingekuwa na jina langu, na fomu niliyoijaza kwa mkono wangu ikisema mimi ndiye niliyekuwa dirishani, na kamati ikipiga simu moja tu maabara, faili lake lingefungwa kabisa. Hiyo haikuwa sababu yangu. Alijua haikuwa.

"Bale banamuke bengine mwenye kutoa damu," alisema, "unabajua?"

"Sibajui."

"Miye unanijua."

Nilikaa. Basi lilisimama nje, vioo vikatetemeka, likaondoka. Mama wa Lubumbashi alikuwa akiburuta kiti juu yetu. Nilitaka mdogo wangu aseme kitu kingine, hata tusi, lakini alikuwa ameanza kupanga vidonge vya jioni kwenye kisahani, kimoja kimoja, kwa vidole visivyokunjika. Nilisimama kumsaidia. Alisogeza kisahani.

Nilikwenda Ijumaa. Sina namna ya kueleza kwa nini nilikwenda isipokuwa kwamba kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutia alama pale penye kasoro, na kasoro hii ilikuwa yangu. Si sababu kubwa. Mtu mwingine angeweza kusema nilimtoa kafara mdogo wangu ili nilale vizuri. Sikulala vizuri.

Mtafiti alinipeleka kwenye chumba chenye meza mbili. Nilisema yote bila kuketi. Alikunja mikono akasikiliza, na uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu anayehesabu. Aliuliza kama ni siku zote saba. Nilisema zote. Aliuliza mdogo wangu anatumia dawa gani, nikamtajia, akaandika. Aliuliza kama tulifungua kifuniko, na hapo nilishangaa, nikasema ndiyo, mara moja. Kisha alifungua kompyuta, akatafuta namba yangu, akaiondoa kwenye orodha ya washiriki. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Mirija ya damu, alisema, ingetolewa kwenye barafu na kuchomwa pamoja na taka za hospitali.

"Asante kwa kuja kabla ya Jumatatu, madame," alisema.

Nikamwomba karatasi. Nilimwambia hewa ilikuwa ya kweli. Kisanduku kilikuwa cha kweli, barabara ilikuwa ya kweli, aliyekivaa alikivaa kwa uaminifu kuliko mshiriki yeyote aliyekuwa naye, hakuwasha hata mshumaa. Nilimwambia damu ndiyo ya uongo, na damu ameshaitoa. Abakize hewa.

Alisema aliyevaa kisanduku hakutia saini. Hawezi kutoa kipimo cha mtu ambaye hayumo kwenye utafiti.

"Hayumo kwa sababu anaumwa," nilisema. "Mnatafuta hewa inawafanyia nini wanawake. Mwenye kufa nayo mnamwambia arudi nyumbani."

Alisema lazima waanze na walio wazima, ili waone badiliko la kwanza kabla ugonjwa na dawa havijafunika kila kitu. Nililijua hilo. Nilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari.

Nikamwomba anitajie tu kwa mdomo, bila karatasi, nimwambie mdogo wangu. Alitazama kioo cha kompyuta. Nina hakika namba zilikuwa mbele yake, kwa sababu macho yake yalitembea kutoka juu kwenda chini kama mtu anayesoma safu. Yalisimama mahali fulani, karibu na chini. Kisha akafunga kioo kwa mkono mmoja, polepole, akaniambia kwamba komuni ina ramani ya vipimo vya hewa, ya wazi kwa kila mtu. Nilimwambia ramani hiyo tayari iko kwenye faili. Kituo cha kupimia kiko mbali na dirisha, na mama wa ofisi ya nyumba alishatuambia haihesabiwi.

Aliinuka akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Alibonyeza kitufe. Lifti ilikuja.

Mdogo wangu alikuwa ananingoja Porte de Namur, juu ya ngazi za metro, amekaa kwenye ukuta mfupi wa duka la nywele huku watu wakipita na mifuko. Nilikuwa sijamwambia siku, lakini alikuwa amemtuma mama wa Lubumbashi, na mama wa Lubumbashi alinipigia simu asubuhi akajifanya anauliza habari za sombe, nami nikamtajia ninakokwenda. Mdogo wangu alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani. Nadhani alikuwa amekuja ili kama ningepewa ile karatasi, aipokee kwa mikono yake.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Damu yako bameitupa?"

"Wataichoma."

"Na hewa yangu?"

"Wameifuta."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehakiki orodha. "Bon," alisema. "Basi hakuna mwenye alipata kintu."

Nilitaka kumwambia kwamba wale wengine wamepata, kwamba hesabu yao sasa haina shahidi wangu. Ilikuwa kweli. Nilimtazama uso wake uliovimba na sikuweza kuisema. Nilimpa mkono ashuke ngazi. Alishika chuma cha pembeni akashuka mwenyewe, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, na mimi nyuma yake. Watu wenye haraka walitupita pande zote mbili.

Hakupokea simu zangu kwa wiki nyingi. Habari zake nilizipata kwa mama wa Lubumbashi, ambaye aliacha mizaha na mimi na kuanza kuniita maman kwa sauti ya chini, jambo lililonitisha kuliko habari zenyewe. Dawa imeongezwa. Amelazwa siku mbili. Ametoka. Miguu imevimba. Nilifungua ukurasa mpya kuhusu figo, nikausoma mpaka nikaweza kuueleza, na hapakuwa na mtu wa kumweleza.

Mwezi wa sita ulikuja na joto. Kamati ilikaa. Siku nne baadaye mdogo wangu alinipigia mwenyewe. Alisema barua imefika na macho yanamuuma, nije nisome. Sikuamini habari ya macho, nikaenda.

Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya mto. Dirisha lilikuwa limefungwa, na pembeni alikuwa amebandika utepe wa gundi kuzunguka fremu yote, tabaka juu ya tabaka, kazi ya mtu asiye na nguvu vidoleni. Nilijua ilimchukua siku nyingi. Nilijua pia kwamba chembe anazozizuia ni ndogo mno kwa gundi ile. Chumba kilikuwa cha moto kama ndani ya gari lililoachwa juani. Bahasha ilikuwa mezani, haijafunguliwa.

Niliisoma. Barua ilikuwa fupi na ya adabu. Kamati imepokea faili, imelichunguza pamoja na vielelezo vilivyoletwa, na faili linabaki katika nafasi yake kwenye foleni.

"Soma tena," alisema. "Polepole."

Nilisoma tena, polepole, mpaka kwenye saini. Alikuwa amefumba macho. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji na kushuka kando ya pua, naye hakulifuta. Nilingoja aniambie kile nilichostahili kuambiwa. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nimeamua sitajibu.

"Yaya," alisema, "fungua hii dirisha."

Nilisema ni saa ya magari. Nilisema tungoje kidogo, jua lishuke, barabara ipungue.

"Joto itaniua mbele ya hewa kuniua. Fungua."

Nilibandua gundi kwa kucha kutoka juu kwenda chini. Ilikuwa imeshika na ilitoka vipande vipande, na vipande nilivikunja nikaviweka mfukoni. Upande wa ndani ilikuwa bado nyeupe. Upande uliotazama barabara sitaki kuuelezea. Nilisukuma kioo. Taa ilikuwa nyekundu, na basi lilikuwa limesimama karibu kiasi kwamba abiria mmoja, mama mwenye mtoto mapajani, alitutazama moja kwa moja chumbani. Mdogo wangu alivuta pumzi ndefu kwa mdomo wazi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Njo hivyo," alisema. "Acha ikae wazi."

Nilivuta kiti cha pili nikakaa kando yake.